Mgombea wa katikati si mwizi wa kura, kosa ni la duru moja

Kila mara uchaguzi wa rais unapokaribia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutokea mtu ambaye hana chama kikubwa, hasemi lugha ya serikali, wala hasemi lugha ya upinzani wa zamani. Anajitambulisha kuwa mgombea huru, mtu wa katikati. Siku chache baada ya kutangaza jina lake, watu wa Bukavu, Bunia, Kisangani au Lubumbashi hawaulizani atafanya nini na barabara, jeshi au mishahara ya walimu. Wanaulizana jambo moja tu: huyu ametumwa na nani kuja kugawa kura?

Swali hilo si la bure. Wakongomani wameona mengi. Lakini linaelekezwa kwa mtu asiyehusika. Toka mwezi wa 1 mwaka 2011, rais wa Kongo anachaguliwa kwa duru moja tu. Anayeongoza ndiye anayeapishwa, hata kama wapigakura wengi zaidi wamewapa wengine kura zao. Kanuni hiyo ndiyo inayomgeuza mgombea wa katikati kuwa mgawa kura. Kabla ya 2011, mtu wa namna hiyo hiyo alikuwa daraja. Kabla ya uchaguzi unaongojewa mwaka 2028, ni vema kuangalia hesabu zenyewe na kuacha kulaumu watu.

Mwaka 2006: mtu wa tatu alikuwa na bei

Katiba iliyotangazwa tarehe 18 mwezi wa 2, 2006 ilisema kwamba rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Asipozipata, wawili wa kwanza wanarudi mbele ya wananchi. Katika duru ya kwanza, tarehe 30 mwezi wa 7, wagombea walikuwa 33. Joseph Kabila alipata 44.81%, Jean-Pierre Bemba 20.03%, na mzee Antoine Gizenga 13.06%.

Gizenga hakuwa na njia ya kuwa rais. Lakini kura zake hazikupotea. Kabila alikosa pointi tano kufikia nusu, na kwa kuzipata ilimlazimu azungumze na wengine. Makubaliano yalitiwa sahihi kabla ya duru ya pili, Kabila akashinda kwa 58.05%, na mwisho wa mwaka Gizenga akateuliwa waziri mkuu. Bemba naye alipanda kutoka 20% hadi karibu 42%, kwa sababu watu waliokuwa wamewapa wengine kura katika duru ya kwanza walipata nafasi ya kuchagua mara ya pili.

Mtu anaweza kusema kwamba yale yalikuwa mapatano ya vyeo, na hatakosea sana. Hata hivyo yalifanyika mbele ya wapigakura, kati ya duru mbili, na kila mtu aliyempenda Gizenga alikuwa bado na karatasi yake mkononi. Aliyekubali alimfuata, aliyekataa alikwenda kwa Bemba. Neno la mwisho lilibaki kwa raia.

Mwaka 2011: 48.95% zilitosha

Miaka mitano baadaye hali ilikuwa imegeuka. Vital Kamerhe, aliyekuwa spika wa bunge la taifa na mmoja wa watu wa karibu wa Kabila, alikuwa amejiuzulu uspika mwaka 2009 na kuunda chama chake, UNC. Alisimama kati ya Rais aliyekuwa madarakani na mzee Étienne Tshisekedi wa UDPS. Wengi katika upinzani walimwambia ajiondoe, la sivyo ataonekana mgawa kura.

Matokeo ya CENI ya uchaguzi wa tarehe 28 mwezi wa 11, 2011 yalikuwa haya: Kabila 48.95%, Tshisekedi 32.33%, Kamerhe 7.74%, Léon Kengo wa Dondo 4.95%. Waangalizi wa kituo cha Carter walisema kwamba matokeo hayo hayaaminiki, na Tshisekedi aliyakataa akajitangaza kuwa rais. Lakini hata kwa kufuata karatasi za serikali yenyewe, kuna jambo ambalo halikusemwa vya kutosha.

Kwanza, ukijumlisha kura za Tshisekedi na za Kamerhe unapata 40.07%. Hazimfikii Kabila. Kamerhe angejiondoa na watu wake wote wakamfuata Tshisekedi, karatasi za CENI bado zingempa Kabila ushindi. Kwa hiyo kusema kwamba Kamerhe peke yake alimwangusha Tshisekedi hakusimami kwa hesabu.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, nguvu ya Kamerhe ilikuwa Kivu. Ni pale pale ambapo Kabila alikuwa amejaza masanduku mwaka 2006. Sehemu kubwa ya kura alizopata huko hazikutoka kwa Tshisekedi, zilitoka kwa Rais. Mgombea wa katikati alikuwa amefanya kazi ambayo upinzani wa Kinshasa haukuweza kuifanya Mashariki: kumteremsha aliye madarakani chini ya nusu.

Kwa Katiba ya 2006, 48.95% maana yake ilikuwa duru ya pili. Kabila na Tshisekedi wangesimama wawili tu mbele ya nchi, na Kamerhe, Kengo na wengine wangelazimika kusema wako upande gani. Lakini miezi kumi kabla, tarehe 20 mwezi wa 1, 2011, kifungu cha 71 kilikuwa kimebadilishwa: rais atachaguliwa kwa wingi wa kura tu. Kazi yote ile ya kumteremsha Rais chini ya nusu haikuwa na faida tena. Mtu wa katikati alihukumiwa kama mwizi, na sheria iliyoiba duru ya pili haikuhukumiwa na mtu.

Mapatano ya hotelini

Wanaotetea duru moja wanasema kwamba inalazimisha wapinzani kuungana mapema. Wanasema pia kwamba nchi ni kubwa, barabara hazipo, na duru ya pili inagharimu fedha nyingi. Wanakumbusha kwamba mwaka 2006, baada ya matokeo ya duru ya kwanza, walinzi wa Kabila na wa Bemba walipigana kwa silaha katikati ya Kinshasa.

Hoja ya kuungana mapema imekwisha kujaribiwa. Tarehe 11 mwezi wa 11, 2018, viongozi wa upinzani walikutana Geneva na kumchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe walitoa sahihi zao, wakisema wafuasi wao wamekataa. Siku chache baadaye walikutana Nairobi na kuunda muungano wao, CACH. Mwaka 2023 wajumbe wa wagombea watano walikaa Pretoria kutafuta jina moja, wakarudi bila jina moja. Baadaye wengine walijiondoa kwa faida ya Moïse Katumbi, wengine wakaendelea peke yao.

Kwa hiyo mazungumzo hayaondoki. Yanahamishwa tu. Katika duru mbili, wanasiasa wanajadiliana baada ya wananchi kusema kila mmoja ana uzito gani. Katika duru moja wanajadiliana mbele, katika hoteli ya ng'ambo, ambako kila mmoja anadai uzito anaoutaka kwa sababu hakuna kura iliyompima. Ndiyo maana hawaelewani. Na raia anaisikia habari hiyo kwenye redio, akiwa hana la kufanya.

Mwaka 2018 ulionyesha pia hatari nyingine. CENI ilimpa Félix Tshisekedi 38.57%, Fayulu 34.83% na Emmanuel Ramazani Shadary 23.84%. Fayulu alipinga, na maaskofu wa kanisa katoliki walisema kwamba matokeo hayo hayalingani na yale waangalizi wao waliyoyakusanya. Tofauti kati ya wawili wa kwanza haikufika kura 700,000. Wakati huo huo, Beni, Butembo na Yumbi, penye wapigakura zaidi ya milioni moja, hawakuhesabiwa katika uchaguzi wa rais. Kura yao iliahirishwa hadi mwezi wa 3, 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama.

Katika mfumo wa duru moja, kuondoa wilaya mbili au tatu kunaweza kutosha kubadilisha jina la rais. Watu wa Mashariki hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza jambo hilo.

Malawi ilirekebisha nini

Wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya nadharia. Malawi si nadharia. Mwaka 2014, Peter Mutharika alichaguliwa kuwa rais kwa 36.4% tu, katika duru moja. Mwaka 2019 alitangazwa tena mshindi kwa zaidi kidogo ya 38%. Lazarus Chakwera alikuwa wa pili kwa 35%, na Saulos Chilima wa tatu kwa 20%. Chilima alikuwa makamu wa rais aliyeachana na chama tawala na kuunda chake. Kwa lugha ya Kongo, angeitwa mgawa kura.

Mwezi wa 2, 2020, mahakama ilifuta uchaguzi ule kwa sababu ya kasoro nyingi, zikiwemo karatasi za matokeo zilizofutwa kwa dawa ya kusahihishia maandishi. Mahakama ikasema pia kwamba wingi wa kura maana yake ni zaidi ya nusu. Kanuni ilipogeuka, watu walegeuka nayo. Chilima alikubali kuwa makamu wa Chakwera, na mwezi wa 6, 2020, Chakwera akashinda kwa karibu 59%. Watu walikuwa wale wale na nchi ile ile. Ni kipimo cha ushindi kilichobadilika.

Benin nayo ina somo lake. Huko kuna duru mbili, na wagombea wasio na chama wameshinda zaidi ya mara moja. Yayi Boni, mtu wa benki, alipata karibu 36% katika duru ya kwanza ya 2006, akamaliza na karibu 75% katika ya pili. Patrice Talon, mfanyabiashara wa pamba, alikuwa wa pili mwaka 2016 kwa chini ya 25%, akashinda duru ya pili kwa 65%. Kwa sheria ya Kongo, Talon angepigia makofi mshindani wake na kurudi kwenye pamba yake.

Lakini Benin inaonya pia. Talon huyo huyo, mwaka 2021, alipata zaidi ya 86% baada ya sheria mpya kuwafungia nje wapinzani wake wakuu. Kuwa mgombea huru si cheti cha demokrasia. Mtu anaweza kuingia bila chama na baadaye akafunga mlango nyuma yake.

Neno "huru" limechakaa

Hapa ndipo wagombea wa katikati nao wanapaswa kuulizwa. Nchini Kongo neno "huru" limetumiwa hata na wenye serikali. Joseph Kabila mwenyewe, mwaka 2006 na 2011, alijiandikisha kama mgombea huru, huku PPRD na muungano mzima wakiwa nyuma yake. Kwa hiyo raia anayecheka akisikia neno hilo ana haki.

Halafu kuna mambo ya kazi yenyewe. Dhamana ya kugombea urais mwaka 2023 ilikuwa franka za Kongo milioni 160, na hairudishwi. Baada ya hapo kuna vituo vya kupigia kura makumi ya maelfu, na kila kituo kinahitaji shahidi wa mgombea atakayekaa mpaka usiku, aone kura zikihesabiwa, aondoke na nakala ya karatasi ya matokeo. Shahidi huyo anahitaji chakula, usafiri na simu. Chama kikubwa kina watu wa kufanya kazi hiyo mpaka kwenye groupement na kijiji. Mgombea huru ana wapenzi wengi mjini na kiti kitupu kule Walikale, Shabunda na Opala.

Daktari Denis Mukwege ni mfano ambao hauhitaji maneno mengi. Ana tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 2018, jina lake linajulikana duniani kote, na Panzi wanamheshimu kama mzazi. Hakuwa wa serikali, hakuwa wa vyama vya zamani. Tarehe 20 mwezi wa 12, 2023, katika matokeo rasmi hakufikisha hata 1%. Félix Tshisekedi alipewa zaidi ya 73%, Katumbi 18%, Fayulu karibu 5%. Wapinzani walilalamikia udanganyifu, na CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea ubunge wengi kwa sababu ya udanganyifu na vurugu. Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Pamoja na hayo yote, heshima ya mtu na kura ya mtu si kitu kimoja. Mgombea asiye na mashahidi hawezi hata kuthibitisha kwamba ameibiwa.

Kuna pia bunge. Kwa Katiba, waziri mkuu anatoka katika wingi wa wabunge. Félix Tshisekedi aliingia ikulu mwezi wa 1, 2019 wakati FCC ya Kabila ilikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Waziri mkuu alitoka FCC, na miaka miwili karibu yote iliisha katika mivutano, mpaka muungano ulipovunjika mwezi wa 12, 2020 na wabunge wakaanza kuhamia Umoja Mtakatifu. Aliyekuwa na chama cha miaka karibu 40 alipata taabu hiyo. Rais asiye na mbunge hata mmoja ataanza kununua wabunge siku ya kwanza, au atakaa ikulu bila kutawala.

Mashariki itamuuliza nini

Kwa wakaaji wa Kivu, Ituri na Maniema, mambo haya si ya vitabuni. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa 1, 2025, Bukavu ikafuata mwezi wa 2. Ikiwa mwaka 2028 maeneo makubwa ya Mashariki yatabaki nje ya orodha ya wapigakura, kama Beni na Butembo mwaka 2018, kama Masisi na Rutshuru mwaka 2023, rais atachaguliwa na sehemu nyingine za nchi. Na kwa duru moja, atahitaji tu kuwashinda wengine, si kuwashawishi watu wa Mashariki wala kuwasikiliza.

Duru ya pili haitamaliza vita. Lakini ingemlazimisha kila mtu anayetaka kuwa rais wa nchi hii kutoka nje ya jimbo lake na lugha yake. Asiye na nusu analazimika kuomba. Na anapoomba, mwenye 8% ya Kivu ana la kumwambia: kuhusu jeshi, kuhusu wakimbizi wa ndani, kuhusu barabara ya taifa namba 2, kuhusu haki kwa waliouawa. Katika duru moja, 8% hiyo ni ya kuchekwa kwenye redio.

Mjadala wa Katiba tayari umefunguliwa na Rais Tshisekedi mwenyewe, alipozungumza Kisangani mwezi wa 10, 2024. Wapinzani wanaogopa kwamba lengo ni muda wa kutawala. Kuna njia rahisi ya kupima nia ya kila upande. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Hakikatazi kugusa namna ya kuhesabu ushindi. Duru ya pili iliondolewa mwaka 2011 na bunge na seneti wakiwa wamekaa pamoja, bila kura ya maoni. Inaweza kurudishwa kwa njia hiyo hiyo. Anayesema anataka kuirekebisha Katiba kwa faida ya raia, aanze na kifungu cha 71. Na mpinzani anayesema Katiba isiguswe hata herufi moja, aeleze kwa nini anataka kuilinda herufi iliyomnyima duru ya pili mwaka 2011.

Gharama? Ni kweli, duru ya pili ni fedha. Lakini rais aliyechaguliwa na watu wachache, anayepingwa toka siku ya kwanza, anagharimu zaidi, na bili hiyo inalipwa miaka mitano. Usalama? Yaliyotokea Kinshasa mwaka 2006 yalitokana na wagombea wawili waliokuwa na majeshi yao, si na karatasi ya pili ya kura.

Wakati kanuni haijageuka, mgombea wa katikati wa 2028 ana deni la kulipa mapema. Aseme, kabla ya kampeni kuanza, ni masharti gani yatamfanya ajiondoe na kwa faida ya nani, na ayaandike. Aonyeshe mashahidi wake wilaya kwa wilaya. Aonyeshe orodha ya wagombea ubunge watakaosimama naye. Asiyeweza kufanya hayo matatu, raia ana haki ya kumwona kama mtu anayetafuta uwaziri kupitia mlango wa urais. Anayeweza, asiitwe mwizi.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wakongomani wamewalaumu panzi toka mwaka 2011. Ni wakati wa kumwangalia aliyeandika sheria inayomlisha kunguru.